Susu, Kasa Aliyekwenda Euless kwa Gari

Tangu nirudi mmenisumbua. Kwenye maegesho ya kanisa, kwenye basi la shule, hata juzi nikiwa msalani Brayo aliniuliza kupitia mlangoni, "Mutinda, Houston ilikuwaje? Mbona umerudi umepoa hivyo?" Nimempa kila mmoja uongo wake. Brayo nilimwambia nilikamatwa na polisi. Faith nilimwambia nimeokoka upya, naye akalia, pole Faith. Sasa nasikia mmeanza kulinganisha majibu, kwa hiyo naandika mara moja tu, tangu mwanzo. Anayependa ile ya polisi aishie hapa.

Carrollton hadi Euless

Dada Mwende mnamjua, binti ya mamangu mkubwa, yule aliyekuja Krismasi akatuharibia wale kamba wa baharini aliopika Mum kwa kutuhubiria jinsi wanavyovuliwa. Anasoma chuo huko Houston, anakaa Stafford, kitongoji cha jirani, na kazi yake ni kufuata kasa. Kasa ni kobe wa baharini. Anamngoja kasa jike atoke majini kutaga mayai, anamgundishia kidude mgongoni, kidude chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia na antena kama mkia wa panya, kisha anamwacha aende zake. Kila kasa akiibuka kupumua, kidude kinapiga kelele kwa setilaiti, na kwenye kompyuta ya Mwende inatokea nukta. Nukta zikiwa nyingi zinakuwa njia. Njia anazipeleka kwa wale wanaogawa bahari kama shamba la urithi: hapa meli zipite, hapa bomba la mafuta, hapa mchanga uchimbwe.

Nilipoelezwa mara ya kwanza nilimwambia, "Yaani umevuka Atlantiki kwenda kumchunga kobe? Si ungebaki Machakos na mbuzi, angalau wanaliwa?" Alinipiga kwa mwiko.

Vidude vyake vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Mwishoni akabaki kasa mmoja anayezungumza, na huyo Mwende alimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, kwa sababu alikuwa mpole, mzito, na hasikii la mtu, kama nyanya yetu kabisa. Susu alikaa kipindi chote cha baridi na masika kwenye kipande kimoja cha bahari, mbele tu ya pwani. Sasa kipande hicho hicho ndicho kampuni fulani ilikuwa inakitaka ichimbe mchanga. Mwende alikuwa na hoja moja tu ya kukiombea kipande hicho: Susu anaishi hapo, na akiishi yeye wanaishi wengine.

Halafu siku moja akatupigia simu sauti ikiwa imemkauka.

"Mutinda, Susu ametoka baharini."

"Ametaga tena?"

"Amepita Houston. Ameshika barabara kuu. Sasa hivi yuko Euless."

"Euless ya huku kwetu, bara kabisa?"

"Karibu na uwanja wa ndege."

"Basi muulize kama amebeba pasipoti."

Hakucheka. Mwende hucheka hata matangani, kwa hiyo nikaacha mzaha. Alisema baraza la kugawa bahari linakutana wiki ile ile, na watu wa kampuni ya mchanga wameshaziona hizo nukta na kuzichapisha kwenye karatasi kubwa: kasa anayeendesha gari. Wakimcheka Susu wa Euless, watamcheka pia Susu wa baharini. Alikitaka kile kidude mkononi kabla ya kikao.

Mum alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo ilibidi niende mimi. Mwende alinipa duara tu kwenye ramani. Ndani ya duara palikuwa na nyumba za kupanga, duka la magurudumu na kanisa. Mtu wa akili angeanza kugonga milango. Mimi nilijiuliza, nani huko Euless alikwenda baharini majuzi? Nikakumbuka wale Wakongo wa kanisa la mchana, waliokodi basi wakaenda kufanya pikiniki ufukweni, wakatualika na sisi, na Mum akakataa kwa sababu ya hesabu yangu ya shule. Mnaona sasa hesabu inavyoharibu maisha.

Nyumba ya pili niliyouliza ilikuwa ya Papa Bahati. Ni mzee mrefu kutoka upande wa Bukavu, anapanga makasha ghalani karibu na uwanja wa ndege, na ndiye anayepiga ngoma kanisani kama mtu anayedaiwa na ngoma hiyo. Nikamwonyesha kwa mikono, kitu hivi, chenye mkia.

"Ile redio?" akasema. "Iko ku balcon, kule inje. Tuliiona ku muchanga, pale maji inaishiaka. Watoto walifikiri itaimba. Haiimbi."

"Ina mwenyewe, Papa. Ni dada yangu."

Akabadilika sura. "Mi sikuiba."

"Hakuna aliyesema umeiba."

"Ni kitu ya serikali?"

"Ya chuo."

"Njo moja, ni ile ile tu." Akamwita mkewe, Mama Bahati, akamweleza kwa Kishi, lugha ya kwao, kitu kirefu nisichokielewa, kisha akanigeukia. "Hautaibeba weye. Mi mwenyewe nitaipeleka, nimupe mukononi, anione uso. Sisi batu ya kambi, mutu akipata kitu yake kwako, kesho wanasema uko mwizi. Utanionyesha njia na utasema Kingereza."

Ningeweza kukichukua pale pale nikaondoka nacho. Lakini mnajua jinsi mzee akishasema hivyo ilivyo. Tukapanga siku.

Euless hadi Corsicana

Siku ya safari Papa Bahati alikuwa amevaa suti ya rangi ya chokoleti na tai. Kidude kilikuwa kimefungwa ndani ya kitenge kipya, fundo juu kama zawadi ya harusi, kimewekwa kiti cha nyuma na kufungwa mkanda. Kando yake, bila mkanda, palikuwa na sufuria ya sombe, bukari, yaani ugali, iliyofungwa kwa plastiki, na samaki wakavu ambao harufu yao ilituhesabu sote kuwa wa ukoo mmoja.

"Munaenda kwa mutu mikono mitupu?" Mama Bahati alisema nilipouliza tunaenda kulisha nani. "Kitu yake ilikaa kwetu siku zote hizo. Mwambie dada yako tuliitunza."

Tuliomba kabla ya kuwasha gari. Tukaomba tena gari lilipowaka. Papa Bahati anaendesha kama anayebeba mayai ya watu wengine. Malori yalitupita yakitupigia honi, na yeye aliyapungia mkono yote, akidhani ni salamu. Mimi nilikuwa na maelekezo ya njia yaliyochapishwa kwenye karatasi, na ndani ya muda mfupi tulikuwa tumeuzunguka uwanja wa ndege mara mbili.

"Kijana, ile ndege niliiona."

"Ni nyingine, Papa."

"Iko na rangi ile ile."

"Ni ndugu yake."

Akanitazama kwa muda ambao hakupaswa kuondoa macho barabarani. "Weye utakuwa avocat, mutu ya kesi, ao mwizi."

Kufika Corsicana gari likaanza kutoa moshi. Tukaegesha nyuma ya duka la vifaa vya shamba, boneti ikafunguliwa, na jua la Texas likakaa juu yetu kama mtu mnene. Akatoka mzungu mzee mwenye kofia pana na mshipi wenye kichwa cha ng'ombe. Nilidhani anakuja kutufukuza. Alikuja na ndoo ya maji, akatazama injini, akasema ni bomba la maji, akaenda kulitafuta dukani mwake mwenyewe.

Tulipokuwa tunangoja, Papa Bahati alifungua sufuria. Kwake haiwezekani mtu akusaidie halafu ule mbele yake bila kumkaribisha. Yule mzee akapewa sahani, akatazama sombe, akaniuliza kama ni mchicha. Nikamwambia ni majani ya muhogo yaliyotwangwa. Akaniuliza kama yanafaa. Nikamwambia yasipopikwa vizuri yanaua. Hapo akaweka uma chini.

"Unamuambia nini?" Papa Bahati akauliza.

"Namwambia mama ni mpishi hodari."

"Mbona anaogopa?"

Ilibidi nile mimi kwanza, mdomo mzima, ndipo yule mzee akala, na akiisha kuanza alikula kweli. Aliuliza tunaenda wapi. Nikamwambia tunampelekea dada yangu kidude cha kasa. Alisema alipokuwa mtoto walikuwa wakienda pwani, kasa wakionekana wengi, na siku hizi haoni hata mmoja. Kisha akapanguza mikono akafunga bomba. Hakutaka kitu.

Nawaambia hayo kwa sababu hapo ndipo safari ilipokuwa nzuri. Kama mtu angeweza kusimamisha safari Corsicana, mimi ningeisimamisha hapo, sombe ikiwa bado ya moto.

Corsicana hadi Huntsville

Papa Bahati alianza kupiga hadithi. Aliniuliza kasa analiwa? Nikamwambia ni marufuku. Akauliza basi wanamfuata wa nini, kama hawamli wala hawamwuzi. Nikajaribu kumweleza ramani.

"Kwa hiyo," akasema, "kasa ndiye anaandika, na dada yako anasoma."

"Kama hivyo."

"Na batu ya muchanga hawajui kusoma."

"Wanajua. Hawataki."

Akacheka mpaka gari likaingia mstari wa watu wengine.

Tulikuwa tumechelewa sana kwa ajili ya bomba, kwa hiyo tulipoimaliza tu Huntsville tulisimama kituo cha mafuta nikampigia Mwende kwa simu ya Mum. Nilisimama kando ya barafu za kuuza, Papa Bahati akiwa ananyoosha miguu na kuitazama ile sanamu nyeupe kubwa ya mtu aliyesimama kando ya barabara, akiniuliza kwa ishara ni mtakatifu gani.

"Mko wapi?" Mwende akauliza. "Kidude mnacho?"

"Kiko kwenye kitenge. Kimefungwa mkanda kuliko mimi."

"Vizuri. Msikifungue. Msikiguse kabisa upande wa chini."

"Kuna nini chini?"

Akanieleza harakaharaka, na naomba mnisikilize hapa, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatoka hapa. Kidude kikitoka mgongoni mwa kasa, upande wa chini, ule wenye gundi, unabaki wazi. Kama kimetoka majuzi tu, chini kutakuwa na gundi safi, pengine na kipande cha gamba la Susu. Lakini kama kilitoka zamani kikawa kinaelea chenyewe, vile vidudu vya gamba vinavyong'ang'ania chini ya meli vitakuwa vimeota hapo, na kwa ukubwa wao mtu anajua vimekaa muda gani. Juu vinaota hata kidude kikiwa bado mgongoni, kwa hiyo huko havithibitishi kitu. Kidude kinachoelea kinaendelea kutuma nukta. Kompyuta haijui kama kimebebwa na kasa ama na mawimbi.

"Watu wa kampuni watasema masika yote ilikuwa takataka inaelea," akasema. "Mimi nasema alikuwa Susu. Mutinda, uchafu ulio chini ya hicho kidude ndio shahidi wangu pekee. Ukiwa huko, basi nimeshinda, ama nimeshindwa kwa haki. Sawa?"

"Sawa."

Nikafunga simu nikamwendea Papa Bahati nikamweleza nikiwa bado natafuna barafu. Nilifika pale penye vidudu vya gamba, nikaona mkono wake umepanda kwenye tai.

"Vile vya meupe?" akasema. "Vigumu, kama meno?"

"Uliviona?"

Alifungua mlango wa nyuma, akatoa mkanda, akaweka kitenge juu ya boneti na kufungua fundo polepole.

Kidude kilikuwa kinang'aa. Kiling'aa kama sufuria ya mke mgeni. Juu, chini, kando, antena, kila mahali. Mama Bahati alikuwa amekisugua kwa waya wa chuma na sabuni na majivu, akakisuuza, akakipaka mafuta kidogo kisipauke. Kwenye upande wa chini ungeweza kujitazama na kutengeneza nywele.

"Siku uliyokuja," Papa Bahati akasema, "ukasema mwenyewe amepatikana. Ilikuwa inanuka. Bibi yangu akasema haiwezekani kumurudishia mutu kitu yake ikiwa chafu, atasema tuliitupa. Mi nilitoa vile vya kugumu na kisu. Yeye akasugua."

"Vilikuwa upande gani?"

"Kijana."

"Papa, vilikuwa upande gani? Wa mkia ama huu mwingine?"

"Mi nilikuwa natazama mupira kwa televisheni," akasema. "Nilikuwa nakwangua tu. Nakwangua, natazama mupira."

Watu waliingia na kutoka dukani na soda zao. Mimi, ambaye mwalimu wa kemia aliniandikia kwamba siwezi kunyamaza hata nikilipwa, nilisimama pale barafu ikiyeyuka mdomoni.

Huntsville hadi Stafford

Sina mengi ya kusema juu ya sehemu hii. Alikifunga tena kitenge, fundo lile lile. Hakuweka kaseti ya kwaya. Msongamano wa Houston ulitukamata kabla hatujaliona jiji lenyewe, tukasogea kidogo kidogo kati ya magari ya watu waliokuwa wanarudi makwao bila tatizo lolote la kasa. Jasho lilipita kwenye kola yake, naye hakulegeza tai.

Nilijaribu mzaha mmoja. Nilisema labda tuvue kitu tukigundishe.

"Usimuambie bibi yangu," akasema baadaye. "Kamwe. Amefurahi sana."

Mwende alitungoja nje ya nyumba za kupanga Stafford, viatu vya ndani miguuni. Alimkumbatia Papa Bahati kama mjomba aliyepotea, akamwambia "Karibu, Baba, umesafiri mbali," akaipokea sufuria kwa mikono miwili. Nilitaka ardhi ya Stafford ifunguke, lakini ile yote ni lami.

Papa Bahati hakungoja kukaa. Aliweka kitenge mezani, akafungua mwenyewe, akasema, "Dada, tulikisafisha. Hatukujua. Tulitaka kikurudie muzuri."

Mwende alikigeuza. Akakigeuza tena. Alikiinua akakiweka karibu na taa, akapitisha kidole pembeni, akachukua kioo cha kukuzia akatafuta kwenye kila mshono. Tulisimama. Friji yake inapiga kelele kama mtu anayekoroma.

"Kuna mkwaruzo," akasema mwishowe.

"Ni kisu yangu," Papa Bahati akasema.

Nilidhani atalia, ama atanitukana mimi. Alisema tu, kwa sauti ndogo sana, "Na mimi sikuwaambia msikioshe. Niliwaambia mlete. Nani angefikiria kusema msikioshe?" Kisha akaenda kupasha sombe moto, kwa sababu mgeni alikuwa hajala.

Tulikula. Hakuna aliyesikia ladha. Katikati ya chakula Papa Bahati akaweka tonge chini.

"Kesho, ku kikao, wataniuliza?"

"Labda," Mwende akasema.

"Wataniuliza ile ya meupe ilikuwa upande gani."

"Ndiyo."

"Niambie upande gani unataka. Nitasema. Nitaapa. Ni sisi tuliharibu, ni sisi tutatengeneza."

Namjua Mwende tangu nikiwa na nepi. Naujua uso wake akitaka kitu. Alikuwa ameshika glasi, na hakuiinua wala kuiachia, na mimi moyoni nilikuwa nampigia kelele: sema juu! Sema vilikuwa juu tu, chini kulikuwa na gundi! Nani atajua? Wale wa mchanga wenyewe wanasema ukweli?

"Wewe unakumbuka nini, Baba?" akauliza.

"Mupira."

"Basi usiseme chochote usichokumbuka."

"Lakini utashindwa."

"Baba, hilo ndilo wanalosema juu yetu sisi wa kasa. Kwamba tunapenda wanyama mpaka tunachora tunachotaka." Akasukuma sahani. "Nikianza kuchora ninachotaka, hata zile nyingine zote nilizochora kwa haki zinakuwa uongo."

Papa Bahati akainama. Nilimkasirikia Mwende. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona ni ujinga, na usiku huo nilimgeuzia mgongo.

Stafford hadi pwani

Asubuhi tuliteremka kwa gari la Mwende kuelekea pwani, na ndipo nilipoiona bahari, mnaouliza. Ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mbali kuna mitambo ya mafuta imesimama ndani yake kama vitanda vya hospitali.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wenye zulia la kuwasha na kahawa ya bure. Nilidhani nitakutana na watu wabaya. Hapana, na hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wapole. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani kwenye mnyororo, na alimtafutia Papa Bahati kiti chenye mgongo. Ukutani palikuwa na ramani ya bahari imekatwa viwanja viwanja kwa rangi. Kipande cha Susu kilikuwa bado cheupe. Mwanamume wa kampuni ya mchanga alivaa tai yenye picha za samaki.

Mwende alionyesha njia ya Susu. Nukta zilitoka ufukweni, zikapinda, zikafika kwenye kile kipande cheupe zikajazana hapo kama wali kwenye sahani. Kisha zikapanda nchi kavu hadi Euless. Yule wa tai ya samaki alicheka kidogo akajifanya anakohoa.

Wakamwita Papa Bahati. Alisimama na suti yake, mimi kando yake, nikitafsiri.

"Batu tulienda na kanisa ku bahari," akasema, "tukakiona ku muchanga. Hakikutembea chenyewe. Ni sisi tulikipeleka Euless. Naomba musimucheke kasa."

Nikasema hivyo hivyo kwa Kiingereza. Hapo hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akauliza, kwa upole, kama chini yake palikuwa na vidudu vya gamba, ama gundi, ama gamba la kasa. Papa Bahati alinitazama, akamtazama Mwende. Nilimwona anataka. Kila mfupa wake ulikuwa unataka.

"Tulikisugua," akasema. "Sikumbuki."

Nikatafsiri. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote nilizosema maishani.

"Na wewe," mama yule akamwuliza Mwende, "unaweza kutuambia kwa uhakika kwamba nukta hizi za masika ni mnyama?"

"Kwa uhakika, hapana," Mwende akasema. "Naamini ni yeye. Siwezi kuwaonyesha."

Mama yule akavua miwani. Akasema anasikitika kweli, na nadhani alikuwa anasikitika. Wakaendelea na jambo linalofuata, kuhusu taa za kuongozea meli. Kabla hatujatoka mlangoni kijana mmoja alishachukua kalamu nene akapaka rangi kile kipande cheupe. Rangi ya machungwa. Hakuwa na haraka wala chuki. Alipaka vizuri, hakutoka nje ya mistari.

Kwenye gari Papa Bahati alisema, "Ningesema."

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, Papa Bahati akiwa nje anakagua maji ya gari, nilimkuta Mwende kwenye kompyuta. Alikuwa anarekebisha ramani, kwa sababu ile isiyo na hakika haiwezi kubaki. Nilivuta kiti nikakaa. Sikumwomba msamaha kwa ule mgongo wa usiku, nilikaa tu.

Alianza mwisho kurudi nyuma. Euless ikafutika. Barabara ikafutika. Ufukwe ukafutika. Kisha akaingia kwenye ule wali uliojazana, akawa anafuta nukta moja moja, ingawa nadhani kuna njia ya kufuta zote kwa mara moja.

"Hii?" nikamwuliza.

"Hapa maji yalikuwa yanavuta upande huu, na nukta imekwenda upande huu. Ingeweza kuelea." Akafuta.

"Na hii?"

"Na hii."

Alifika pale njia inapoingia kwenye kile kipande. Nyuma ya hapo, akasema, Susu alikuwa anaogelea kinyume cha mkondo, na takataka haziogelei kinyume cha mkondo. Hizo zilibaki. Mstari mmoja mwembamba ukitoka ufukweni, ukipinda, ukifika ukingoni mwa rangi ya machungwa, na kukatika. Mbele yake hakuna kitu, bahari tupu mpaka mwisho wa kioo cha kompyuta.

Nilikuwa nimeandaa mizaha kadhaa ya kumwachia. Yote ilikwisha.

"Sasa yuko wapi?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali nililoanza nalo," Mwende akasema.

Papa Bahati akapiga honi. Tulirudi bila kupotea hata mara moja. Mwende ananiambia meli za mchanga zinaanza mwezi ujao, mahali palepale. Kama ni kidude tu kilichokuwa kinaelea, hazitamkuta mtu. Kama alikuwa yeye, basi bado yuko hapo.